Ngumi Iliyosimama Njiani

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya miwa, Jovelyn alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumpa Elmar mkono wa kulia. Elmar alipiga goti moja, akaanza kuzungusha bendeji: mara tatu kwenye kifundo, mara tatu kwenye kiganja, kisha katikati ya vidole. Mkono wa kushoto ulibaki huru kuchovya mkate wa pandesal kwenye kahawa. Miaka miwili walifanya hivyo, na maneno yao yalikuwa yale yale.

"Imebana?"

"Haijabana."

"Kunja ngumi."

"Nimekunja."

Asubuhi hiyo Elmar alikuwa amefika kidole cha tatu pale sauti ya kocha wao, Nong Celso, ilipoingia kutoka mlangoni.

"Noy," alimwambia Elmar, "leo hupandi ulingoni na Inday." Kwake vijana wote wa kiume walikuwa Noy, na Jovelyn alikuwa Inday, yaani binti.

Nyuma ya kocha alisimama msichana mwenye mabega mapana, begi mgongoni, anatafuna karanga kama aliyekuja kutembea.

"Huyu anaitwa Ruffa. Katoka Iloilo na boti ya kwanza. Atapimana ngumi na Inday."

Mkono wa Elmar ukasimama.

"Nong, mimi nipo. Siumwi."

"Najua huumwi. Ndiyo maana nimemleta yeye."

Jovelyn akacheka, mkate mdomoni. "Mwache aje, Nong. Aniguse kama ataniona."

Pale Bago, kwenye kambi yao ya ndondi, kila mtu alijua kiburi cha Jovelyn kilikotoka. Alikuwa na miguu ya paka na macho ya mwewe. Alipigana mikono ikining'inia kiunoni kama mtu anayerudi sokoni bila mzigo, akikwepa kwa kichwa na mgongo tu. Mara mia Nong Celso alimwambia ainue mikono, na mara mia Jovelyn akajibu, "Nong, ngumi haiwezi kumpata mtu ambaye hayupo." Watu walicheka, naye akapenda kuchekewa.

Elmar alimaliza kufunga bendeji, polepole kuliko siku zote.

"Inday."

"Nini?"

"Inua mkono wa kulia leo. Huo mmoja tu."

"Na wewe umeanza mahubiri?"

Elmar akainamisha uso.

Raundi haikumaliza dakika. Ruffa alirusha ngumi ya kushoto, ile ya kuzunguka kutoka pembeni. Jovelyn aliiona ikija. Aliiona vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Ni ngumi ambayo Elmar alimrushia kila siku, na kila siku aliikwepa kwa kuegemea nyuma kidogo tu na kumtania, "Umekosa tena!" Elmar naye humjibu, "Nimekosa tena, Inday. Umekuwa mwepesi." Basi akaegemea nyuma kidogo tu. Akatabasamu. Akasubiri ipite.

Haikupita.

Alipofumbua macho aliona bati za paa, kisha uso wa Elmar ukiwa juu yake, umelowa.

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Viwili. Mbona unalia wewe? Aliyeanguka ni mimi."

Elmar akajifuta uso kwa kiwiko. Ruffa alikuwa amesimama kando, glavu zimeshuka.

* * *

Daktari alimpiga picha za kichwa, akasema hakuna kilichoharibika, ila wiki tatu asiguswe na ngumi. Pambano lake la kugombea ubingwa lilikuwa wiki nane mbele, siku ya sherehe za mji.

Mchana huo Nong Celso alimkalisha jikoni, mbele ya sufuria ya supu ya kuku na papai bichi. Akaegemeza simu yake kwenye chupa ya siki.

"Tazama. Nimewarekodi wiki nzima bila nyie kujua."

Jovelyn alijiona ulingoni na Elmar. Akaona ngumi ya kushoto ikija, akajiona akiegemea nyuma na kucheka.

"Nimekwepa," alisema.

"Tazama tena. Usijitazame wewe, tazama glavu yake."

Akatazama. Glavu ya Elmar ilikuja kwa kasi, ikafika upana wa kiganja kutoka kidevuni kwake, ikasimama. Kisha ikagusa sikio lake kidogo, kama mtu anayemfuta mwenzake jasho.

"Ngumi iliyokosa hupita, Inday," Nong Celso alisema. "Humvuta mwenyewe bega, humyumbisha. Hii haipiti. Inasimama. Nimehesabu arobaini na saba kwa wiki moja, na zote zimesimama pale pale."

Supu ilikuwa ikichemka. Jovelyn akairudisha video nyuma, akaitazama tena.

"Kosa ni langu pia," kocha aliendelea. "Nilikuwa nashughulika na wanaume, nikakuachia mtu mmoja miaka miwili. Sasa sikiliza. Kuanzia leo mikono juu, kidevu ndani. Hutaki, nakuondoa kwenye pambano. Na hata ukipigana, mwamuzi akilazimika kulisimamisha kwa sababu ya kichwa chako hicho, nakata jina lako hapa kambini. Sitaki kuja kumwambia mama yako kwamba hukumbuki jina lake."

Jovelyn akatoka nje. Elmar alikuwa akianika glavu juani, moja moja kwenye kamba.

"Ni kweli?"

Elmar hakuuliza kweli ya nini.

"Ni kweli."

"Miaka miwili nakucheka usoni kwamba umekosa, na wewe unaitikia!"

"Ulikuwa unafurahi."

"Nilikuwa mjinga! Nimejenga mwili mzima juu ya uongo wako. Bora ungenivunja pua siku ya kwanza. Kwa nini, Mar?"

Elmar akakamua glavu iliyokwisha kukauka.

"Sikutaka..."

"Hukutaka nini? Sema!"

Elmar akaitundika glavu tena kwenye kamba.

"Hata hilo huwezi," alisema Jovelyn, sasa kwa sauti ndogo. "Nenda. Sitaki mtu wa kunionea huruma."

Siku ile ile Elmar alipanda traysikel, pikipiki yenye kigari cha abiria pembeni, na begi lake, akaenda kwa mjomba wake kukata miwa.

* * *

Wengine kambini walikuwa wanaume kumi na moja, walilala ghorofani, wakiimba karaoke kila Jumapili. Jovelyn alikuwa na chumba chake kimoja chini, yeye na mjusi wa ukutani. Zamani hakujua kwamba ni chumba cha upweke, kwa sababu kulipokucha tu kulikuwa na mtu anamsubiri kando ya ndoo.

Sasa alijifunga bendeji mwenyewe. Mkono wa kulia aliuweza. Wa kushoto ulihitaji meno, na mtu hawezi kuvuta bendeji kwa meno na kula mkate kwa wakati mmoja. Kahawa ikawa inapoa kila siku.

Nong Celso alimbanisha kalamansi, lile limau dogo la kijani, kati ya kidevu na kifua. Likidondoka, pushapu ishirini. Wiki ya kwanza lilidondoka mpaka akaota harufu yake. Wiki ya nne likawa halidondoki. Mikono ilikaa juu, mmoja kila shavu, na ulimwengu wote ukawa mwembamba kama ufa wa mlango.

Ngumi zilimpata mikononi, hazikuumiza. Lakini miguu yake ilikuwa mizito, na yeye hakumpata mtu.

"Safi," kocha alisema. "Leo hujaguswa."

"Sijaguswa, Nong. Lakini pia sipo. Humu ndani ni kama chumba kisicho na dirisha."

"Chumba kina paa. Ulikolala wewe kulikuwa na nyota tu."

Simu ya Jovelyn ililia kila siku saa tano asubuhi. Ujumbe mmoja kutoka kwa Elmar, neno moja.

"Umekula?"

Hakujibu. Kesho yake tena.

"Umekula?"

Mama yake alipopiga kutoka kijijini, alimkuta hana sauti.

"Umepigwa, mwanangu?"

"Hapana, Nay. Hakuna anayenipiga siku hizi."

"Sasa mbona unasema kama mtu aliyefiwa?"

Jovelyn akasingizia mtandao, akakata. Akafungua jumbe zile, akazihesabu. Zilikuwa thelathini na moja. Akaandika haraka, kabla moyo haujarudi nyuma.

"Njoo. Unipige."

Jibu lilichelewa.

"Siwezi."

"Basi usiniulize tena kama nimekula."

Asubuhi iliyofuata Elmar alikuwa mlangoni, amekonda, viganja vimechanwa na majani ya miwa. Jovelyn hakumsalimu. Alimtupia glavu.

Nong Celso akaegemea kamba za ulingo. "Noy, mimi nitatazama glavu tu. Ikisimama mara moja, unarudi kwenye miwa yako."

"Ndiyo, Nong."

Kengele. Walizunguka. Ngumi ya kushoto ikaja. Jovelyn alikuwa ameinua mkono, lakini haikufika hata kwenye mkono. Ilisimama.

Kocha akafungua mdomo. Jovelyn akamwahi.

"Mwache, Nong. Mara moja tena." Akamgeukia Elmar. "Kule Iloilo wapo akina Ruffa wangapi? Cebu je? Hao hawatasimama, Mar. Ukisimama wewe, unawapelekea mimi. Unanishika mkono unanipeleka."

Elmar akavuta pumzi kama anayetaka kupiga mbizi.

Ngumi ikaja nzima. Mkono wa kulia uliipokea, lakini uliyumba, na ncha ya glavu ikampata shavuni. Jovelyn alirudi hatua mbili. Machozi yalimtoka. Miguu ikakataa kuanguka.

"Hiyo," alisema akihema, "ndiyo ya kwanza tangu nikufahamu."

Elmar akapita kati ya kamba, akakimbilia nyuma ya jengo. Wakamsikia akitapika.

Alirudi, akanawa uso, akapanda tena. Siku kumi walipimana hivyo, bila maneno mengine. Na mle ndani ya zile siku Jovelyn aligundua kitu: mkono wa kushoto ukiuachia uning'inie, miguu inarudi kuwa miepesi. Ni wa kulia tu ambao haupaswi kwenda popote. Akamwambia kocha. Kocha akakuna kichwa, akabisha, akaangalia raundi tatu, akabisha tena.

"Haya," mwishowe alisema. "Mkono mmoja wako, mmoja wangu. Wangu usishuke."

* * *

Siku ya sherehe ulingo uliwekwa katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu, chini ya paa la bati. Nje nguruwe walikuwa wakigeuzwa juu ya makaa, na bendi ilikuwa ikipiga bila kuchoka. Mpinzani wake, Maricar wa Cebu, alikuwa na mikono mirefu na uso usiocheka.

Raundi tano Jovelyn alipigana kama alivyoahidi. Mkono wa kushoto ulicheza, wa kulia ulikaa shavuni kama umegundishwa. Katika ya sita alipiga ngumi tatu safi, watu wakasimama, wakaimba jina lake. Na yeye, kwa ile raha ya zamani, akashusha mikono yote miwili na kutabasamu.

Alijikuta amekaa chini.

"Mbili... tatu..." mwamuzi alihesabu.

Kichwa kilikuwa wazi. Shavu liliwaka mahali pale pale alipopiga Elmar. Naijua hii, aliwaza. Nimeshapigwa hii nikasimama. Akasimama kwenye saba. Mwamuzi akamtazama machoni, akamwambia atembee, akatembea. Pambano likaendelea, na mkono wa kulia haukushuka tena mpaka kengele ya raundi ya kumi.

Jaji mmoja alimpa yeye ushindi. Wawili walimpa Maricar, kila mmoja kwa pointi moja.

Jovelyn alisubiri Nong Celso aseme. Hakujali mkanda tena. Aliogopa kukatwa jina. Mzee alimvua kinga ya meno, akaitazama kama anatafuta kosa.

"Jumatatu saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Usichelewe." Akaenda kumpongeza kocha mwenzake.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya viti. Elmar alipindua ndoo, Jovelyn akakaa, akampa mkono wa kulia. Elmar akapiga goti, akaanza kukata bendeji kwa mkasi, taratibu. Nje maandamano ya mtakatifu wa mji yalikuwa yakipita, ngoma zikatikisa bati.

"Raundi ya sita," alisema Elmar bila kuinua uso, "nilikuwa nimeshika taulo. Nilitaka kulirusha ulingoni, pambano lisimamishwe."

"Mbona hukurusha?"

"Ulikuwa unasimama. Halafu ungeniuliza kwa nini. Ningetakiwa kujibu."

Jovelyn akauvuta mkono wake, bendeji ikining'inia.

"Nakuuliza leo, Mar. Ya taulo na ya miaka miwili yote. Usiniambie hukutaka. Niambie ulitaka nini."

Elmar akaweka mkasi chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni bila glavu kati yao.

"Sikuwahi kukosa, Inday, hata siku moja. Nilikuwa nafika pale kwenye kidevu chako nasimama, kwa sababu nakupenda. Kila asubuhi nilikuwa nakwambia hivyo kwa mkono, kwa kuwa mdomo uliogopa, na mkono ukakudanganya. Sasa nakwambia kwa mdomo. Nakupenda, Jovelyn."