Mjukuu wa Kubebwa Kifuani

Kokwijuka wa Ihanda, huko Karagwe, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Akianika kahawa, aliongea. Akimenya ndizi, aliongea. Ukipita njiani ukamsalimu, ujue umeshachelewa uendako. Lakini watu walimpenda, kwa sababu hakuna aliyesimama uani kwake akaondoka na njaa.

Asubuhi moja alikuwa anageuza kahawa juu ya turubai. Jirani yake Therese alikuwa amekaa pembeni, anamsikiliza.

"Mkwe wangu Vero atajifungua wakati wa senene," Kokwijuka alisema. "Atakula panzi hao wa kukaanga mpaka aseme basi!"

Simu ikalia. Alikuwa mwanawe Benjamin, dereva wa bodaboda.

"Mama, Vero amejifungua."

"Amejifungua nini? Mimba bado changa!"

"Amejifungua, mama. Mtoto wa kike. Yuko hai. Wamemweka kwenye mashine."

Kokwijuka akaiacha kahawa kwa Therese, akaingia ndani kuchukua kitenge.

Benjamin alimfuata kwa pikipiki, akampeleka hospitali ya wilaya. Pale alimwona mjukuu wake kupitia kioo. Alikuwa mdogo mno. Uzito wake haukuzidi pakiti ya kilo moja ya sukari. Miguu yake ilikuwa myembamba kama vidole vya bibi yake. Mpira mmoja mwembamba ulimpa hewa puani. Mwingine ulipita mdomoni kumpelekea maziwa tumboni.

Zamani, Kokwijuka alipokuwa msichana, mtoto kama huyo hakushangiliwa. Watu walinyamaza, wakasubiri kuona kama ataishi. Naye akafanya vivyo hivyo.

Alimwambia Benjamin, "Jina lisubiri kwanza."

Alimwambia Vero, "Usikae kumtazama sana, mwanangu. Usije ukaumia."

Na majirani aliwapigia simu. "Msije. Hakuna cha kupongeza bado."

Yote hayo aliyafanya kwa upendo. Alitaka kumkinga mkwe wake na uchungu.

Lakini Vero alianza kunyauka. Alilala ameelekea ukutani. Hakuna aliyempigia simu kumpa hongera. Alifikiri watu wanamlaumu. Alipokamua maziwa, yalitoka matone tu. Chakula alichopikiwa alikirudisha karibu chote.

Muuguzi wa wodi ile aliitwa Placida. Alikuwa mwenyeji wa Muleba, mwanamke mcheshi, lakini kazini hakuwa na mchezo. Siku ya pili alimkuta Kokwijuka kwenye benchi nje ya wodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista. Nilikuwa nakutafuta. Maziwa ya Vero ni machache. Tumpe mtoto maji ya sukari kidogo?"

"Hapana, mama. Tumbo lake bado changa. Maji ya sukari au maziwa ya ng'ombe yatamdhuru. Maziwa ya mama yake ndiyo chakula chake, na ndiyo kinga yake. Hata matone yale yanamfaa sana."

"Sasa matone yataongezekaje?"

Placida akakaa naye kwenye benchi.

"Akamue mara kwa mara, mchana na usiku. Ale vizuri, anywe, apumzike. Amguse mtoto wake. Na moyo wake utulie. Niambie, mama, wageni wenu wako wapi? Watu wa Karagwe ninawajua. Mtu akijifungua, uani hapatoshi."

Kokwijuka akaangalia chini. "Niliwazuia mimi. Nilisema tusubiri kwanza. Nilimwambia Vero asimzoee."

"Ulitaka asiumie."

"Ndiyo, sista."

"Lakini yeye ameshakuwa mama. Ukimwambia asimzoee mtoto, humwondolei hofu. Unamwacha aogope peke yake. Sikudanganyi, mama. Mtoto njiti yuko katika hatari, na sisi tunampigania kila saa. Lakini wengi wao wanakua, wanakimbia, wanaenda shule. Sisi hapa tuna hewa, dawa na joto la mashine. Wazazi wake nao wanahitaji watu, na watu mnao ninyi huko Ihanda."

Kokwijuka akainuka, akajifunga kitenge vizuri.

"Niambie la kufanya. Usinifiche hata moja."

Placida akacheka. "La kwanza, vua bangili. Twende tukanawe."

Kokwijuka alinawa. Placida akatazama, akatikisa kichwa. "Mpaka kwenye viwiko, mama. Na sabuni zaidi." Akanawa tena. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa kahawa, basi akavisugua mpaka Placida akasema imetosha.

Wakaingia kwa Vero. Kokwijuka alikaa kitandani, akamshika mkono.

"Mwanangu, nilikosea. Watu hawajakususia. Ni mimi niliyewaambia wasije. Hongera kwa mtoto. Umemzaa mtoto mzuri. Umempa jina gani moyoni mwako?"

Vero alimtazama. Machozi yakamtoka, lakini midomo ilikuwa inatabasamu.

"Ainembabazi," alisema. "Mungu ana huruma. Nilikuwa ninalisema kimoyomoyo, mama. Niliogopa kulitamka."

"Litamke! Mbona zuri hivyo?"

Mchana ule Kokwijuka alitoka nje, akashika simu. Sasa mdomo wake ulipata kazi. Aliwapigia majirani mmoja mmoja.

"Therese, nilikupotosha. Mpigie Vero, mpe hongera. Usimwambie kwamba Mungu atampa mwingine. Huyu yupo! Muulize mtoto anaendeleaje. Na kama una mafua, usije hospitali. Wodini hamtaingia, tutakutana uani."

Kesho yake Therese alikuja na matoke na maharage, bado ya moto, yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Jirani mwingine, Cleophace, alipiga simu. "Benjamin, mbuzi wako nawachunga mimi. Wewe kaa na mkeo." Kina mama wa jumuiya walipokezana kufua nguo na kupika. Vero alikula, akalala usingizi wa kweli. Na maziwa yakaanza kuongezeka, kidogo kidogo.

Haikuwa rahisi kila siku. Kuna mchana mashine ililia ghafla. Ainembabazi alikuwa ameacha kupumua. Placida alifika mbio, akamsugua nyayo taratibu, na mtoto akavuta pumzi. Vero alitetemeka mwili mzima.

"Watoto njiti wakati mwingine husahau kupumua," Placida alieleza. "Ndiyo maana hatuwaachi bila kuwaangalia. Ukitaka kulia, lia. Ukiwa na swali, uliza, hata kama uliliuliza jana."

Kokwijuka hakutoa hotuba. Alimkumbatia tu mkwe wake, mpaka mtetemeko ukaisha. Benjamin alisimama karibu yao, anafuta macho kwa kofia yake.

Mtoto alipopata nguvu, Placida alileta habari njema. "Leo tunaanza kangaruu."

"Kanga nani?" Kokwijuka aliuliza.

"Kangaruu ni mnyama wa mbali. Hubeba mtoto wake kwenye mfuko tumboni. Nasi tutambeba Ainembabazi kifuani, ngozi kwa ngozi."

Mtoto alivalishwa nepi, kofia na soksi tu. Placida alimlaza wima kati ya matiti ya mama yake, uso umegeuzwa upande ili apumue vizuri. Kisha akawafunga pamoja kwa kitenge. Ainembabazi akatulia, akalala.

"Joto lako linampasha," Placida alisema. "Anasikia moyo wako. Na wewe ukichoka, baba atambeba."

Benjamin akarudi nyuma. "Mimi? Nitamvunja, sista!"

"Unabeba mkungu wa ndizi kwenye pikipiki mpaka Nyakaiga, utamvunja huyu?" mama yake alimjibu. "Vua shati!"

Benjamin akavua shati. Alipowekewa binti yake kifuani, alikaa bila kujitikisa, kama mtu aliyebeba mayai. Baadaye akaanza kumwimbia polepole wimbo wa Kinyambo, lugha ya kwao. Wodi nzima ikatabasamu.

Hata Kokwijuka alipata zamu yake. Siku hiyo aliongea kwa kunong'ona, jambo ambalo Therese alikataa kuliamini.

Wiki zilipita. Ainembabazi aliongezeka uzito, akaondolewa mipira, akajifunza kunyonya. Siku ya kuruhusiwa, Placida aliwaagiza tena. "Endeleeni na kangaruu nyumbani. Kliniki msikose. Akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto sana, akipumua kwa shida, au ngozi ikigeuka njano, mleteni mara moja. Msisubiri kesho."

Waliyashika yote. Nyumbani wageni walinawa kabla ya kusogea, na mwenye kikohozi alipungia mkono kutoka mlangoni. Hakuna aliyekasirika.

Miezi ilipita, siku ya ubatizo ikafika. Kanisa lilijaa. Ainembabazi alikuwa na mashavu ya duara na macho yanayozunguka kila upande. Bibi yake alimpakata, amefunga kilemba kipya cha rangi ya dhahabu. Katikati ya sala, mtoto alinyoosha mkono, akakamata kilemba, akavuta. Kikafunguka chote. Mvi za Kokwijuka zikabaki wazi mbele ya waumini.

Vero aliona aibu. "Mama, ngoja nimtoe mkono."

"Mwache!" Kokwijuka alisema kwa sauti, mpaka padri akageuka. "Mwache avute. Hamwoni alivyo na nguvu?"