Kadi Thelathini na Mbili

Fundi alianza kazi asubuhi kama kawaida. Alifungua mlango wa chumba cha mbele, akafagia vipande vya nyuzi, akatia mafuta cherehani. Kisha akakaa. Lakini siku hiyo miguu ilikanyaga na akili haikuwapo. Mara mbili sindano ilivunjika. Mara ya tatu ilimchoma kidole.

Sababu ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kopo la vifungo. Vifungo vyenyewe havikuwamo. Mlikuwa na kadi thelathini na mbili za kupigia kura.

Ilikuwa hivi. Wiki iliyotangulia alikuja wakala wa Tajiri wa Saruji, aliyegombea udiwani. Wakala huyo alicheka na kila mtu, hata watu wakamwita Meno Nje. Alileta majora matatu ya kitambaa cha kijani chenye picha ya tajiri.

"Washonee magauni akina mama wa mtaa," alisema. "Bure kabisa. Ukiwapima kifua na kiuno, chukua na kadi zao. Ijumaa nitazipitia. Watarudishiwa siku ya kura, tukiona wamevaa."

"Kadi za nini tena?"

"Utaratibu tu, mama. Tujue nani wetu na nani si wetu."

Fundi hakuwa amepata kazi kubwa kama hiyo tangu mwaka uanze. Akaacha kuuliza, akapima, akapokea. Wanawake walimwamini. Mtu anayejua kiuno chako na hajawahi kukitangaza, utamficha nini?

Sasa ilikuwa Alhamisi, na kura ni Jumapili. Mgombea wa pili alikuwa mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja, mkunga wa zahanati. Mkunga hakuwa na gari la matangazo. Hakuwa na fulana wala kofia za kugawa. Alikuwa na karatasi alizoandika kwa mkono, na miguu yake. Alitaka mtaro wa maji machafu mbele ya zahanati ufunikwe, maana wajawazito wawili walishateleza humo.

Saa nne Mkunga akaingia, viatu vimejaa vumbi.

"Dada, nishonee hapa kwapani, pamefumuka. Leo nina nyumba kumi na nane." Akaona magauni ya kijani yaliyoning'inia ukutani. "Mh! Nyumbani kwa dada yangu, na tajiri ananitazama kila pembe!"

"Ni kazi, mdogo wangu."

"Sikukatazi riziki." Akacheka, kisha akamtazama vizuri. "Una nini? Mbona umejichoma kidole?"

Fundi akashusha kopo. Mkunga alichungulia ndani. Akaketi kwenye kigoda.

"Dada, hawa ni watu niliokwenda kwao nyumba kwa nyumba. Bila kadi watapigaje kura?"

"Alisema utaratibu!" Machozi yakamtoka Fundi. "Na nikizirudisha ataudhika. Wataangalia namba, wajue nani kampa nani. Watatufanya nini?"

Mkunga akatoka mbio. Akarudi na jirani yao, mama mzee aliyeitwa Bibi Karani, kwa kuwa alifanya kazi kwenye kituo cha kura katika chaguzi tano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekufa? Maana nyuso zenu ni za msiba."

Wakamweleza. Bibi Karani alichukua kadi moja, akaigeuzageuza.

"Namba hii inasema jambo moja tu: umeandikishwa. Haisemi umemchagua nani. Karatasi ya kura haina jina lako. Unaingia nayo peke yako kwenye kituturi, kile kibanda cha kujificha. Mume haingii. Wakala haingii. Unaweka alama, unakunja, unatumbukiza kwenye sanduku. Zikichanganyika humo, hata mimi niliyezihesabu sikuwahi kuijua ya kwangu."

"Kwa hiyo hawezi kujua?"

"Atajulia wapi? Anachoweza ni kuwatisha, au kukaa na kadi ili msipige kabisa. Kadi ni ya mwenyewe. Na kumpa mtu zawadi ili akupe kura, sheria inakataza. Anayetoa ana kosa, na anayepokea ana kosa."

Fundi akashtuka. "Basi na mimi nimo?"

"Umo, kichwa na mabega." Bibi hakumpaka mafuta. "Ndiyo maana utajitoa leo hii. Rudisha kadi. Magauni tuyapeleke ofisi ya uchaguzi, ukaeleze yote."

Mchana huo cherehani ililala. Fundi alipita mlango kwa mlango, akieleza na kuomba radhi. Muuza mkaa, mmoja wa waliopimwa, alishika kiuno.

"Na gauni langu? Nilishajitazama nalo kwenye kioo!"

"Halipo tena, shoga."

"Basi na liende! Kwanza picha yake ilinikaa tumboni. Nilionekana nimemmeza."

Ijumaa Meno Nje akaja.

"Kadi ziko wapi?"

"Kwa wenyewe."

"Na magauni?"

"Ofisi ya uchaguzi. Nimeandika maelezo huko."

Meno yakaingia ndani. "Unajua unamchezea nani? Jumapili nitakuona."

Kweli, Jumapili alisimama ng'ambo ya barabara, akiandika majina ya waliopanga foleni. Fundi alisita kwenye foleni. Alitamani kurudi nyumbani. Muuza mkaa, nyuma yake, akamsukuma kidogo: "Sogea, mama, au unapimwa?"

Ndani ya kituturi palikuwa na meza ndogo, mbao pande tatu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Fundi aligeuka, akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akaweka alama, akakunja karatasi, akatoka, akaitumbukiza sandukuni.

Kesho yake matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa kituo. Mkunga alimshinda tajiri kwa kura kumi na tisa. Vigelegele vikapasuka. Fundi alimkumbatia mdogo wake, wakalia wote wawili.

"Msinishangilie sana," Mkunga alisema, akifuta uso. "Tajiri mngemwuliza jambo, angesema alishawalipa. Mimi sikumlipa mtu. Kwa hiyo mna haki ya kunisumbua."

Muuza mkaa hakungoja. Alinyoosha mkono juu.

"Haya, diwani. Mtaro unafunikwa lini?"