Uhuru wa Kuletewa

Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika siku hiyo. Wanafunzi wanagombea mashine, bwana mmoja anabishana na kopi zake zilizotoka nyeusi tii, na katikati yao amesimama mchora ramani za nyumba, gauni la kijani, viatu vya chini, flashi mkononi, jasho linamtiririka. Mwenye duka alikuwa ameichomeka flashi ile kwenye kompyuta yake, akaichungulia, akamrudishia na kumwambia haina kitu. Haina kitu vipi, na ramani za mteja ameziweka kwa mkono wake mwenyewe?

Nyuma yake kwenye foleni palikuwa na jamaa mrefu, shati limenyooshwa pasi likanyooka, laptop yake imebandikwa picha ya pengwini. Akasema labda ni virusi. Kabla mwanamke hajafungua kinywa, jamaa ameshaichukua flashi, ameshaichomeka kwenye laptop yake, na ramani zote hizo hapo, zimejipanga.

"Zilifichwa tu," akasema. "Virusi hivi vimetengenezewa mfumo mwingine. Kwangu mimi havina meno."

Mchora ramani alicheka kwa nafuu, na kumbe alikuwa hajacheka siku nyingi. Wakatoka dukani pamoja, wakapeana namba. Jamaa alikuwa fundi wa kompyuta, na watu wote wa mtaa ule wa maduka walimwita Pengwini, kwa sababu ya ile picha na kwa sababu hakuwa na habari nyingine isiyohusu Linux, mfumo wa kompyuta ambao nembo yake ni pengwini.

Sasa nikwambie huyu mwanamke alivyokuwa anaishi. Ghorofa ya tatu, chumba cha kulala na sebule aliyoigeuza ofisi. Mdogo wake aliyekuwa akikaa naye aliolewa, akahamia upande wa pili wa mji, na tangu hapo sauti zilizobaki mle ndani zilikuwa za friji na bomba la jikoni. Wateja walimtumia kazi kwa simu. Ilifika jioni hajatamka neno, akitaka kuimba anakuta koo limekauka. Upweke ulimkaa vibaya, lakini alikuwa na kitu kimoja alichokipenda: mle ndani kila kitu kilikaa pale alipokiweka yeye. Alikuwa amelelewa na shangazi aliyempangia hadi nguo ya kuvaa, kwa hiyo alijua thamani ya hilo.

Pengwini akaanza kupiga simu kila mchana. Mara aulize amekula nini, mara amtanie, anamwita Injinia ingawa hakuwa injinia. Baada ya muda akawa anakuja jioni. Akaziba bomba, akabadilisha kitasa cha mlango, akapewa ufunguo. Mwanamke akajikuta ametega sikio ngazini kabla saa ya kuja kwake haijafika. Alikuwa amependa, tena amependa kweli.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa mfumo endeshi, ile programu mama inayoamka kabla ya zote kompyuta inapowashwa. Siku moja, miguu yake juu ya mapaja ya mpenzi wake, mwanamke akamwambia amweleze kwa lugha ya nyumba, kwa kuwa hiyo ndiyo anayoijua.

"Haya. Windows ni nyumba ya kupanga," akasema Pengwini. "Unaingia taa zinawaka, na kila fundi mjini anaijua. Ila mwenye nyumba ana ufunguo wake, akitaka kufanya ukarabati anafanya. Na kwa kuwa wapangaji ni wengi, wezi nao wanazunguka hapo hapo."

"Na Mac?"

"Hoteli. Nzuri, tulivu, ina mlinzi. Ila usipigilie msumari ukutani."

"Na hiyo yako?"

"Linux ni kwako, laazizi. Vunja ukuta, ongeza chumba, hakuna wa kukuuliza. Msimbo wake, yale maelekezo yanayoiendesha, uko wazi, anayetaka kuukagua anaukagua."

"Na bomba likipasuka?"

"Unaziba mwenyewe."

"Basi mimi niache niwe mpangaji. Nimezoea, na nina kazi za watu."

Pengwini akacheka, akamwambia utumwa umemkolea. Akamkumbusha kwamba mfumo wake umezeeka, haupati tena masasisho ya usalama, na kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo lakini yeye hata kinga moja hana. Mwanamke akamjibu atafikiria akimaliza kazi aliyo nayo. Wakaachia hapo.

Mdogo mtu akajifungua, na mchora ramani akaenda kumwona na kulala huko mwisho wa juma. Kazi aliyoiacha mezani ilikuwa ya muuguzi mmoja mjane aliyekuwa anajenga nyumba yake ya kwanza. Ramani zilitakiwa zifike ofisi ya ujenzi Jumatatu kabla ya adhuhuri, zisipofika asubiri kikao kingine. Yalibaki marekebisho kidogo tu.

Jumatatu asubuhi akarudi, akawasha kompyuta. Kikatokea kioo asichokijua, rangi ya bahari, na maandishi: Karibu kwako, Injinia.

Mafaili yalikuwepo yote, hilo lazima lisemwe. Pengwini hakupoteza hata moja. Lakini programu yake ya kuchorea, aliyoizoea kama mkono wake, haikukubali mfumo ule. Palikuwa na nyingine, ya bure, na alipofungulia ramani humo mistari ikatawanyika: ngazi zimehamia nje ya nyumba, choo kimeingia sebuleni. Akampigia Pengwini simu, haikupokelewa. Adhuhuri ikapita. Muuguzi hakumtukana, alishusha pumzi tu, akasema atatafuta mtu mwingine.

Pengwini akaja jioni na uso wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Nilikuwa nakulinda," akasema alipoambiwa. "Mtu yeyote angeweza kuingia humo."

"Aliyeingia ni wewe."

"Nilitaka uwe huru."

"Ulishindwa nini kuniuliza?"

Akasema alitaka iwe zawadi. Mwanamke akanyoosha mkono, akadai ufunguo, akaupata.

Yaliyofuata sitaki kuyarefusha. Aliazima kompyuta kuukuu ya shemeji yake, akafanya kazi kwa hiyo. Ile yake akaifunika kitambaa. Jioni aliendelea kutega sikio ngazini, anajua hakuna mtu, na bado anatega. Zamani upweke alikuwa ameuzoea. Sasa ulikuwa na sura ya mtu.

Mwishowe Pengwini akapiga. Sauti ilikuwa ndogo. Akamwomba ruhusa aje kutengeneza alichokiharibu, na asipotaka basi. Neno ruhusa likamwingia mwanamke, akasema njoo.

Akaja amevaa shati la mikono mirefu, amenyoa. Akafanya kazi kimya, na kila hatua aliuliza kwanza. Akaweka Windows mpya, halali, iliyosasishwa, na pembeni yake Linux. Programu ya kuchorea ikafunguka, na ngazi zikarudi ndani ya nyumba. Akamwonyesha kwamba kompyuta ikiwaka itamuuliza anataka ipi.

"Kwa kawaida ikingoja sana inachagua yenyewe," akasema. "Nimeondoa hiyo. Itakusubiri wewe."

Mwanamke akalia hapo hapo, akaushika mkono wake. Pengwini akapiga goti sakafuni, kati ya nyaya, akasema, "Nimekukosa hadi nimechoka. Naomba nikuoe, tukae pamoja."

Neno ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni mwa mwanamke. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kulisema.

"Na usiwe na wasiwasi," Pengwini akaendelea, macho yanang'aa. "Nyumba nimeshapata. Vyumba vitatu. Mama nimemwambia. Gari la kuhamisha vitu linakuja Jumamosi, na meza yako nimeipimia, itakaa dirishani."

Mwanamke akacheka. Akadhani ni utani, akamtazama usoni, akaona si utani. Pengwini alikuwa amefurahi kwa moyo wake wote, na hakuwa amejua alichokifanya.

"Kompyuta umeniuliza," akasema polepole. "Mimi je?"

Sasa jamaa alikuwa ameelewa, na kuelewa kulimzeesha. Akaanza kusema gari atalirudisha, nyumba ataiacha, lakini mwanamke akatikisa kichwa. Nampenda, alisema moyoni, na nikikubali nitakuwa nahamishwa maisha yangu yote.

"Hapana, mpenzi wangu," akamwambia.

Pengwini akakusanya vifaa vyake. Mlangoni akageuka.

"Naweza kukupigia simu?"

Hakujijibia. Alisimama pale na mkoba wake begani anasubiri, na mwanamke akamwacha asubiri kidogo, kwa sababu hakuwahi kusubiriwa hivyo na mtu yeyote.

"Usinipigie," akasema. "Nikitaka, nitakupigia mimi."

Akasikiliza hatua zake zikishuka ngazi hadi zikaisha. Kisha akafunga mlango, akakaa sakafuni palepale, akalia mpaka giza likaingia, na hakuna aliyemwambia awashe taa.