Tangazo Lililoahidi Makubwa

Kila akirudi kutoka shule, Chiriku alinawa mikono, kisha akaketi chumba cha mbele kukunja taulo. Jina hilo la utani alipewa na shangazi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa mkandaji mwenye leseni. Watu waliochoka mabega kwa kushona au kubeba mizigo walilala kwenye kitanda chake chembamba, naye akawakanda kwa mafuta mpaka misuli ikalegea.

Siku hizo wateja walikuwa wameadimika. Shangazi akamwomba Chiriku, ambaye mwandiko wake ulisifiwa darasani, aandike matangazo machache. Alimwelekeza aweke jina, namba ya leseni, saa za kazi na huduma anazotoa. Basi.

Chiriku aliona tangazo hilo limepooza kama chai isiyo na sukari. Bila kumwonyesha shangazi, akaongeza kwa wino mwekundu: "Tunaponya mgongo, kisukari na presha. Hospitali basi!" Akabandika moja kwenye duka la mikate, jingine kwa kinyozi na jingine karibu na kituo cha basi.

Wateja wakaanza kuja, na Chiriku akatembea kifua mbele.

Jumamosi moja asubuhi aliingia bibi mmoja, mshonaji mstaafu, akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Alilalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yana ukungu. Shangazi hakumgusa mtu kabla ya kujua afya yake, hivyo akamuuliza kama ana ugonjwa wowote na anatumia dawa gani.

"Nilikuwa nameza vidonge vya presha, mwanangu," bibi alisema. "Nimeviacha tangu niliposoma tangazo lako. Si umeandika hospitali basi?"

Shangazi alimgeukia Chiriku. Chiriku akainamisha kichwa, taulo ikamponyoka. Hapakuwa na muda wa maswali. Shangazi aliita teksi, wakampeleka bibi zahanati. Chiriku alikaa kwenye benchi akiwa amebana mikono katikati ya magoti.

Hatimaye daktari alitoka, akasema presha ilikuwa imepanda sana, lakini wamemwahi. Bibi angepumzika hapo na kurudia vidonge vyake.

Njiani kurudi, Chiriku alikiri yote huku machozi yakimtoka. Alisema alitaka tu kusaidia. Shangazi hakumgombeza. Alimweleza kwamba bodi iliyompa leseni ina masharti yake: mkandaji haruhusiwi kutangaza kuwa anaponya magonjwa, wala kuwavuta watu waache matibabu. Akikiuka, anaweza kunyang'anywa leseni.

Walizunguka pamoja kubandua matangazo. Muuza mikate alishangaa, akasema lile lake lilikuwa linavuta watu kama sumaku.

"Hapo ndipo penye tatizo," shangazi alimjibu.

Kisha shangazi aliwapigia simu wateja wote wapya kuhakikisha hakuna mwingine aliyeacha dawa. Bibi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Chiriku alikwenda kumwomba radhi.

"Umenitisha, mjukuu wangu," bibi alimwambia, "lakini nimefurahi umekuja mwenyewe." Akamsogezea kiti.

Jioni hiyo Chiriku aliandika matangazo mapya. Chini ya jina na namba ya leseni aliweka maneno haya: "Tunakanda misuli iliyochoka. Kama unaumwa, mwone daktari na uendelee na dawa zako." Safari hii alimpa shangazi ayasome kwanza.

"Shangazi, si watakuja watu wachache?" aliuliza.

"Huenda," shangazi alisema. "Lakini mtu mwenye maumivu huamini haraka, Chiriku. Neno lako dogo anaweza kulishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo andika lile unaloweza kulifanya kweli, ukomee hapo."

Chiriku aliyatazama tena maneno yake, akaona hayana cha kuongezwa. Akaenda kutafuta gundi.