Misumari ya Binah

Kila asubuhi Binah aliteka maji, akala kipande cha mkate wa mahindi, akakimbilia shuleni. Ulikuwa mwaka wa pili tangu utumwa ukomeshwe huko Georgia, Marekani, na shule hiyo ya mbao wazazi wake na majirani waliijenga kwa mikono yao.

Jumatano hiyo hakukuwa na masomo. Bwana Pelham, aliyewamiliki zamani, alituma neno: ardhi ni yake, na chochote kitakachobaki hapo kesho jua likizama ni chake pia. Watu wakaanza kuibomoa shule, ubao kwa ubao, waihamishie kwenye kiwanja cha kanisa lao. Isiposimama kufikia Jumatatu, mwalimu angepelekwa kijiji kingine.

Binah alipewa kazi ya kuokota misumari na kuinyoosha juu ya jiwe.

"Tunahama kama wezi!" alifoka. "Mwizi ni yeye!"

"Gonga msumari, mdomo upumzike," rafiki yake Sabra alimtania.

Alhamisi jioni Bwana Pelham alipita na gari lake la farasi, akicheka. Damu ikamchemka Binah. Aliiacha ndoo ya misumari, akalikimbiza gari akilirushia matope mpaka pumzi zikamwishia. Aliporudi, jua lilikuwa limezama. Msimamizi wa Pelham alikwisha kuichukua ndoo.

Huko kanisani, mjomba wake Titus, fundi seremala, alimwuliza, "Misumari iko wapi, binti?"

"Sema imeibwa," Sabra alinong'ona.

Binah akamsogelea mjomba wake. "Niliiacha, Mjomba, nikaenda kumrushia matope. Wameichukua."

"Mtoto huyu ametumaliza!" mama mmoja alipiga kelele.

Titus aliokota kipande cha mti. "Ghala la Pelham nililijenga kwa misumari ya mti, na halijaanguka. Leteni visu."

Siku mbili walichonga misumari ya mti wa mwaloni. Malengelenge yalimpasuka Binah viganjani; hakuacha.

Jumatatu shule ilisimama. Titus alimzuia Binah mlangoni.

"Ungedanganya, tungepoteza siku hizo mbili kumsaka mwizi. Na hasira yako ni ya haki, binti. Mimi ninayo ya miaka hamsini. Lakini Alhamisi Pelham alipata kicheko, akapata na misumari yetu. Hasira ipe kazi; usiiache ikutoe kazini. Haya, ingia ukasome. Hilo litamwuma kuliko matope."