Msimfunike Mama Uso

Mama yangu anaitwa Saado. Anauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Kila asubuhi gari linaleta maziwa kutoka upande wa Bura. Mama anayaonja, anayachuja, kisha wateja wanaanza kumwita. Mimi, Nasteho, ninaosha mitungi na kumwangalia.

Nilikuwa namwangalia kwa sababu alikuwa anaanguka.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Rajab. Mara ya pili, wiki tatu baadaye. Kila mara wanawake wenzake walimfunika kwa shuka, kichwa mpaka miguu, ili wanaume wanaopita wasimwone. Mmoja alimshika mikono. Mwingine alimnusisha kitunguu. Shuka lilipoondolewa, Mama alikuwa ameshaamka.

Hospitalini daktari aliuliza, "Alikuwaje?"

"Alirusha mikono," tulisema. Hayo tu ndiyo tuliyoona.

Akapewa dawa za kifafa. Alizimeza bila kukosa hata siku moja. Bado akaanguka.

Abti Kerrow, kaka yake Mama, akanipigia simu kutoka Sangailu, Mama akisikia yote. "Soko sasa basi. Siku moja ataangukia moto. Baada ya Idi nakuja kumchukua. Atakaa kwangu, ndani, aangaliwe."

Mama hakujibu. Mama, ambaye hujibu hata redio.

Wiki hiyo alikuja nyumbani muuguzi wa hospitali ile, jina lake Kowsar. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Tunafanya utafiti juu ya watu wanaoanguka na kupoteza fahamu," alisema. "Wengine wana kifafa. Wengine shida yao ni moyo. Ukiangalia haraka, vinafanana. Mama, ukikubali, tutakuuliza maswali na kukupima moyo. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

"Mtanikata?"

"Hapana, mama."

"Haye, uliza."

Kowsar akatugeukia sisi. Uso ulikuwa na rangi gani? Macho yalikuwa wazi? Ilichukua muda gani?

Tukatazamana. "Hatujui," nilisema. "Tulimfunika."

"Basi akianguka tena, mpigeni video."

"Video!" Mama akashtuka. "Ili kesho niwe TikTok? Wallahi, heri nife."

Kowsar akacheka. "Basi Nasteho aangalie kwa macho." Akanionyesha pale shingoni mapigo yanapopatikana. Akaniambia, "Msimshike kwa nguvu. Msimtie kitu mdomoni. Sogezeni vitu vya kumuumiza, mlazeni kwa ubavu. Angalia saa. Asipopumua, au ikipita dakika tano, mkimbizeni hospitali."

Kipimo cha moyo cha siku hiyo kilikuwa sawa. Mama akarudi sokoni.

Siku ya tisa alikuwa anampimia mteja maziwa. Kopo likamtoka mkononi. Akaanguka.

"Mfunikeni!" Samsam, jirani yetu wa meza ya pili, alipiga kelele. Shuka lilikuwa tayari hewani.

"Eeddo Samsam, uso hapana!" nilisema. "Niachie uso!"

"Una wazimu? Wanaume hawa wote?"

"Basi simameni nyinyi. Mzungukeni, mtupe mgongo."

Walinung'unika, lakini walisimama. Mashuka yao yakawa ukuta. Ndani ya ukuta tulikuwa mimi na Mama tu.

Uso wake ulipauka kama majivu. Mwili ulilegea. Nikaweka vidole shingoni. Sikupata kitu. Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi mikono ikaruka kidogo. Kumi na nne, nikasikia pigo moja. Kisha la pili. Damu ikarudi usoni. Mama akafungua macho.

"Nani amemwaga maziwa yangu?"

Samsam akasema bila kugeuka, "Ni wewe mwenyewe, bibi!" Wote wakacheka, na mimi nikalia.

Nilimweleza Kowsar kila kitu. Aliandika haraka.

"Alijua mara moja yuko wapi?"

"Mara moja. Alitaka kugombana."

"Mwenye kifafa mara nyingi mwili hukakamaa kwanza," alisema. "Akiamka huwa amechoka, amechanganyikiwa. Huyu amepauka, mapigo yamepotea, akaamka na akili zake. Lazima tuupime moyo kwa muda mrefu."

Mama alivalishwa kifaa kidogo kifuani kwa siku tatu. Kilikuwa kinaandika kila pigo. Usiku wa pili kiliandika moyo umesimama sekunde saba, amelala, hata hakujua.

Daktari alituonyesha mstari kwenye karatasi. "Moyo ukisimama, ubongo unakosa damu. Ndipo mtu anaanguka na mikono inaruka. Si kifafa. Na hili lina tiba."

"Nitupe zile dawa?" Mama aliuliza.

"Usiache mwenyewe. Nitakupunguzia polepole."

Alipelekwa Nairobi, wakamwekea mashine ndogo chini ya ngozi, karibu na bega. Moyo ukichelewa, mashine inaukumbusha. Mama alirudi baada ya siku nne.

Sasa ni miezi saba. Hajaanguka hata mara moja, Alhamdulillahi. Samsam naye amempeleka kwa Kowsar mwanawe Guleid, ambaye pia alikuwa anaanguka. Yeye ana kifafa kweli. Amepata dawa inayomfaa, na anaenda shule.

Juzi Abti Kerrow, aliyekuwa ameahirisha safari tangu Idi, alipiga simu. "Saado, kwa hivyo nisije?"

"Njoo," Mama alisema, huku anampimia mtu maziwa. "Lakini uje kama mgeni. Na ulete mbuzi."