Kiu Ndani ya Rejeta

YAH: CHOMBO CHA MOTO CHA KALE KUCHEMSHA MAJI MBELE YA KAMATI YA MAANDALIZI.

Ndivyo barua ilivyoanza, kwa herufi kubwa na mhuri wa zambarau. Kasimiri Lugembe alitakiwa aeleze kwa maandishi ni kwa nini maji yaliyokuwa chini ya uangalizi wake yalichemka bila taarifa, na kuilazimu kamati kurudi Tabora mjini kutoka Kwihara kwa miguu, ikiwa na suti. Nakala ilipelekwa kwa wakubwa kadhaa ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua boneti.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, la mashindano. Marehemu kaka yake, Alois, alilikimbiza enzi za ujana wake, kisha akaliacha chini ya turubai likitagiwa mayai na kuku. Kasimiri alipostaafu ufundi wa reli alilifufua kipande kwa kipande. Silinda sita, kabureta mbili, na hedi ya alumini inayofunika silinda, ambayo ikipata joto kupita kiasi inapinda, na ikipinda hakuna nyingine. Kwa hiyo kila mshale wa geji ulipopanda, roho yake ilipanda nao.

Sasa kamati ilikuwa imelichagua gari hilo liongoze sherehe za kufungua njia ya kale ya misafara. Mgeni rasmi angekuja Jumamosi.

Levina, mkewe, aliisoma barua akaikunja vizuri. Alikuwa mtu wa Choma, alikokulia akichimba mchanga wa mto ili apate ndoo moja ya maji. Hadi leo hakuwa na uwezo wa kumwaga hata maji ya kuoshea mchele.

"Baba Advera, kamati imekupa nafasi hadi Jumamosi. Na mimi nakupa hiyo hiyo. Likichemka tena, utachagua: mimi au hiyo rejeta."

"Mama Advera, rejeta nimeshabadilisha."

"Basi nimebaki mimi."

Na kweli alikuwa ameshabadilisha. Alibadilisha rejeta, thamostati, pampu ya maji, mkanda na feni. Alirekebisha taiming ya cheche, akaongeza petroli kwenye kabureta maana mchanganyiko mkavu huunguza. Alipima mfumo mzima kwa presha na haukuvuja popote. Oili ilikuwa safi, moshi haukuwa mweupe, na chini ya gari palikuwa pakavu. Lakini kila alipotoka kwa mzunguko mfupi na kufungua kifuniko, rejeta ilikuwa haina tone. Maji yalikuwa yakienda mahali, na mahali hapo hapakuwa ndani ya gari. Siku moja alilipiga tairi teke, akaumia kidole, akaliomba radhi.

Alhamisi, akiwa ameegemea boneti, injini imezimwa, alisikia sauti. Chuma kinachopoa hulia tik, tik. Hiki hakikulia hivyo. Kilimeza. Polepole, kwa pumzi ndefu katikati, kama mtu aliyeinua kibuyu mdomoni na hataki kukishusha. Kisha ikaja harufu: si ya oili, bali jasho la watu wengi, vumbi na ngozi mbichi. Alitazama mdomo wa rejeta. Ulikuwa na unyevu pembeni tu, kama midomo.

Mchana wa Ijumaa alilipeleka barabara ya Goweko, peke yake, jua la utosi. Mwanzoni lilikwenda vizuri, na akaanza hata kupiga mluzi, halafu akasikia njuga, zile kengele ndogo za miguuni, zikilia nje ya mlango wake, na akajiambia ni boliti iliyolegea, akaongeza mwendo, na njuga zikaongeza mwendo, na mshale ukaanza kupanda, na nyuma ya kiti kikawekwa kitu kizito, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyotua mzigo aliouchukua kichwani tangu mbali, mpaka springi za nyuma zikalalamika na pua ya gari ikainuka, na pumzi ya moto ikamgusa kisogoni, si ya injini, kwa sababu injini ilikuwa mbele, na hapo alipokanyaga breki na kusimama katikati ya barabara, boneti ilikuwa imefungwa, naye akakisikia kifuniko cha rejeta kikifunguka chenyewe, pole pole, uzi baada ya uzi.

Aliligeuza likiwa linatokota, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanajuma, anayekaa jirani na kisima cha zamani cha Kwihara na kujulikana kwa kuwatoa watu mashetani na kuwakopesha kuku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja, bwana rejeta." Hakuacha kuchambua mchele. "Siku ile ya kwanza uliyochota maji hapa ya kujazia rejeta, kabla hujaileta kamati, nilikwambia nini?"

Kasimiri aliinamisha kichwa. "Nimwage kata ya kwanza chini."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba rejeta haina mababu."

"Ukacheka, tena." Bibi alishusha sauti. "Kuna mpagazi pale. Wenzake wa msafara walimwacha afe na mzigo wake na kibuyu kitupu. Kila anayechota humpa kata ya kwanza, naye hutulia. Wewe ulimnyima, ukaondoka na maji yake. Akayafuata."

"Anatoka vipi?" Kasimiri alinong'ona.

"Lete gari hapa kesho asubuhi. Jaza ndoo, umwage chini kata kwa kata mpaka ardhi ikatae kunywa. Maji yakisimama, ameshiba. Yatakayobaki kwenye ndoo, mwaga. Asiyaonje mtu. Atakayeyaonja amemkaribisha kwake."

Nyumbani Kasimiri alijiuliza: Mzee mzima wa kanisa pale kigangoni, aanze kumweleza mkewe habari za mpagazi? Alisema watapitia kisimani kusafisha rejeta.

Jumamosi asubuhi, Levina akisubiri kivulini, Kasimiri alikuwa ameshamwaga kata nyingi na ardhi bado inakunywa, alipofika Erasmus, katibu wa kamati, na kipaza sauti mkononi ingawa alisimama hatua chache tu.

"Shikamoo, mzee. Hapa ni eneo la kihistoria. Umwagaji wa maji unahitaji kibali."

"Marahaba. Namalizia."

"Unamwaga kimila au kiufundi?"

"Kuna tofauti?"

"Kubwa sana. Kimila ni watu wa utamaduni. Kiufundi ni watu wa maji. Na wote leo wako kwenye mapokezi."

"Basi andika nimemwaga kwa bahati mbaya."

"Kwa bahati mbaya kuna fomu yake."

Kasimiri aliendelea kumwaga, na Erasmus aliendelea kunukuu vifungu, mpaka maji yakasimama. Hayakuzama. Yalitetemeka kidogo juu ya udongo uliokuwa mkavu tangu mvua za mwisho, na nyuma yake springi za gari zikanyanyuka zenyewe, taratibu, na njuga zikalia mara moja, karibu kabisa, kisha kimya. Kasimiri alitaka kulia kwa furaha. Aligeuka achukue ndoo.

Levina alikuwa ameshaiinua. Alisimama juani na kitenge chake kipya, anafuta mdomo kwa kiganja.

"Kumwaga maji mazima haya," alisema, "na watu tuna kiu."

Bi Mwanajuma alifunga dirisha lake.

Kasimiri alifungua mdomo. Barabarani ving'ora vya mgeni rasmi vilianza kulia, Erasmus akapunga mikono, na injini, Kasimiri alipoingiza mkono dirishani na kuiwasha, ilinguruma kama siku za Alois. Aliufunga mdomo wake akaingia garini.

Mshale ulikaa katikati njia nzima. Watu walipiga makofi. Pembeni yake Levina alimaliza chupa ya kwanza ya maji, akafungua ya pili, akavua viatu. Upande wake wa gari uliinama. Kasimiri alitazama mbele tu, akiisikia ile sauti, polepole, yenye pumzi ndefu katikati.

Jumatatu alijibu barua: thamostati ilikuwa mbovu, imebadilishwa. Kamati iliridhika na kulifunga jalada.

Thamostati haikuwa mbovu. Gari halijachemka tena. Levina anamaliza pipa la maji kila siku, na bado ana kiu.